Watoto wawili wa paka wanakuja: nyumba iandaliwe vipi?

Swali: Shikamoo, daktari. Baada ya wiki mbili tutaletewa watoto wawili wa paka wa tumbo moja. Sasa hivi wana wiki sita na bado wako na mama yao. Sijawahi kufuga paka. Tunaishi ghorofa ya tatu, tuna mtoto wa miaka mitano, na mimi ni mjamzito wa miezi minne. Nimeandika orodha ya vitu vya kununua: vitanda viwili, vivazi, vichezeo vingi, maziwa, shampuu. Mume wangu anasema tuwaachie nyumba nzima ili wazoee haraka. Mama mkwe anasema mjamzito na paka hawakai nyumba moja. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, dada. Orodha yako nimeisoma, na nusu yake ningeifuta. Vivazi hawavihitaji. Shampuu hawaihitaji, maana paka hujisafisha kwa ulimi, na mtoto aliyelowa hupoteza joto haraka. Maziwa ndiyo usinunue kabisa, na sababu nitakupa. Vitanda huenda wakavipuuza wakalala kwenye boksi lililovileta. Kazi yako ya wiki hizi mbili haiko dukani. Iko sakafuni kwako, na sehemu yake kubwa ni kuondoa vitu, kuziba matundu na kuifanya nyumba iwe ndogo kwa muda.

Kwanza tuzungumzie tarehe. Wiki 8 ndio umri wa chini kabisa wa kumtenga mtoto wa paka na mama yake; si umri ulio bora. Kati ya wiki ya 2 na ya 7 hivi, paka hupokea kwa urahisi mambo atakayoishi nayo baadaye bila woga: binadamu, kushikwashikwa, kelele za nyumbani. Kwa hiyo wiki hizi mbili usizingoje tu. Mwombe mwenye paka akuruhusu uende na mwanao, mkae sakafuni, muwaache watoto hao wawapande mapajani. Hakuna kitu utakachonunua kitakachozidi ziara kama hizo. Baada ya umri huo bado wana somo la kumalizia kwa mama na ndugu zao, somo la kipimo: anayeng'ata kupita kiasi humsikia mwenzake akilia, na mchezo unakatika hapo hapo. Kama mwenye nao hana haraka, mwache akae nao mpaka wiki ya 10 au ya 12. Kama hawezi, wachukue wakitimiza 8, ilimradi wote wawili wanakula wenyewe bila kutegemea ziwa. Kuwachukua wawili ni uamuzi mzuri. Mtoto wa paka akiwa peke yake, mtu wa kung'atwa na kurukiwa ni wewe. Wakiwa wawili, watamalizana wenyewe.

Sasa shemeji na nyumba yake nzima. Hapo natofautiana naye kabisa. Paka wa wiki 8 ana uzito wa gramu 800 hadi kilo moja hivi, na usalama anaujua kwanza kwa harufu. Siku anapohamishwa, harufu zote alizozizoea hupotea kwa mara moja. Ukimwachia vyumba vinne, hatavikagua. Atakimbilia tundu la kwanza atakaloliona, nyuma ya friji, chini ya kabati, ndani ya kochi lililochanika kitambaa cha chini, na atakaa humo bila kula wala kunywa. Mtu mzima anaweza kuvumilia siku nzima bila chakula; mnyama wa kilo moja hana akiba hiyo, sukari yake ya damu hushuka na ananyong'onyea. Na akibanwa na haja hatakumbuka kuwa choo kiko chumba cha tatu kushoto. Atajisaidia kwenye kona iliyo karibu, na harufu itakayobaki itamrudisha hapo kesho.

Kwa hiyo wape chumba kimoja chenye mlango unaofungika vizuri. Cha kulala kinafaa. Bafu kavu linafaa pia kwa shida, mradi kifuniko cha choo kiwe chini na pasiwe na ndoo ya maji, kwani mtoto wa paka huzama kwenye ndoo akashindwa kutoka. Jiko halifai. Choo chao kiweke kona moja, chakula kona iliyo mbali nacho kadiri inavyowezekana, na maji mahali pa tatu. Paka hapendi kula karibu na anapojisaidia, na wengi hunywa zaidi maji yakitenganishwa na chakula. Sahani ziwe pana na za kina kifupi. Weka boksi lililokatwa mlango mdogo, wapate pa kujificha pale unapopataka wewe, na kitu cha kupandia, hata stuli imara tu. Kasha la kubebea paka, ambalo ni miongoni mwa vitu vichache utakavyolazimika kununua, liache wazi chumbani humo na kitambaa laini ndani tangu siku ya kwanza. Paka aliyezoea kulala kwenye kasha lake hapigani siku ya kwenda kwa daktari. Anayeliona siku ya sindano tu atalichukia maisha yake yote.

Watakaa humo muda gani? Usihesabu siku, watazame wenyewe. Wengine huwa tayari baada ya siku tatu, wengine baada ya wiki mbili. Ukiona wote wawili wanakula mbele yako, wanatumia choo bila kukosea, na wanakuja mlangoni mkia juu ukiingia, fungua chumba cha pili. Kisha cha tatu. Ukiona wamerudi kujificha, rudi hatua moja.

Kabla ya siku hiyo, piga magoti. Nasema kweli: tambaa kwa mikono na magoti kila chumba watakachofika, uso ukiwa karibu na sakafu, na tochi mkononi. Utaona matundu yaliyo nyuma ya kabati za jikoni, waya uliolegea nyuma ya televisheni, na vitu vidogo chini ya kochi ambavyo ufagio huvipita. Tundu lolote ambalo kichwa cha mtoto wa paka kinapita, mwili wake utapita. Lizibe.

Katika vitu vyote vya sakafuni, kinachoniogopesha zaidi ni uzi. Watu huchora paka akicheza na kidonge cha sufi kama jambo la kupendeza, na madaktari wa wanyama tukiona picha hiyo tunaona meza ya upasuaji. Ulimi wa paka una vijimiba vinavyoelekea nyuma. Uzi ukishaingia kinywani, ni vigumu kwake kuutema. Unasogea ndani tu. Ncha moja ikinasa chini ya ulimi au kwenye mlango wa tumbo, utumbo unaendelea kusukuma ncha ya pili, unajikunja juu ya uzi huo, na uzi unaanza kuukata kama msumeno. Dalili za mwanzo ni kutapika na kukataa chakula, dalili ambazo mtu hudhani zitapita zenyewe. Kwa hiyo uzi wa kushonea, sindano iliyotungwa, uzi wa kusafishia meno, utepe wa zawadi, uzi uliofungia nyama, raba za nywele za binti, vyote viwe ndani ya kopo lenye kifuniko. Kichezeo chenye kamba ni kizuri kikiwa mkononi mwako. Mchezo ukiisha, kinaingia kabatini. Na siku yoyote ukiona uzi unaning'inia mdomoni au sehemu ya haja kubwa ya paka, usiuvute. Mpeleke kwa daktari kama alivyo.

Mashine ya kufulia na ya kukaushia nguo ni hatari ya pili ambayo watu huisahau. Ni shimo lenye giza, joto na nguo laini, yaani kila anachokitafuta paka. Jizoezeni kupitisha mkono ndani kabla ya kuiwasha, kila mara, hata mkiwa na uhakika paka wako chumba kingine. Hali kadhalika droo, kabati la nguo, friji na viti vya kukunjuka: tazama kwanza, kisha funga.

Nyaya za umeme zikusanye na kuzipitisha kwenye mpira au bomba la plastiki. Meno ya utotoni huanza kung'oka akiwa na miezi mitatu na nusu hadi minne, na ya utu uzima hukamilika kwenye miezi sita au saba, kwa hiyo usidhani kwamba ambaye hakuutafuna waya wiki ya kwanza hatautafuna kamwe. Kamba za mapazia zifunge juu.

Mko ghorofa ya tatu, na hapa sitaki utani. Ni kweli paka hujigeuza hewani. Uwezo huo huwa umekamilika akiwa na wiki saba hivi. Lakini kutua kwa miguu hakumzuii kuvunjika taya, kupasuka pafu au kuvunjika miguu. Paka hajirushi kwa ujinga. Anamfuata ndege au mdudu, na ukingo wa dirisha unateleza. Wavu mwembamba wa mbu hautoshi, maana kucha huuchana na uzito wake huung'oa. Weka wavu imara uliokazwa kwenye fremu, wenye matundu madogo kuliko kichwa cha mtoto wa paka, dirishani na kwenye baraza yote. Dirisha linalofunguka kwa kuinama sehemu ya juu ni baya zaidi, kwa sababu paka hujaribu kupenya, akateleza chini kwenye pembe iliyobana, na kila akijinasua anazidi kubanwa. Mpaka nyavu ziwe tayari, baraza ifungwe.

Sumu ni mada ndefu, lakini chache zinastahili kutajwa kwa jina. Parasetamoli: ini la paka halina kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja, na kidonge kimoja cha kawaida cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima, sembuse huyu. Kamwe usimpe dawa ya binadamu kwa kukisia. Dawa za viroboto za mbwa zenye kiua wadudu kiitwacho pemethrini (permethrin): humletea paka mtetemo na degedege, na huua, soma kifungashio, na usikubali maneno ya "weka kidogo tu". Maua ya lili: majani, petali, chavua aliyoilamba kutoka kwenye manyoya yake, hata maji ya chombo cha maua, vyote huharibu figo ndani ya siku moja hadi tatu. Wajawazito huletewa maua. Waambie wanaokutembelea wasilete hayo. Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu, kwa hiyo mabaki ya mchuzi wenu si chakula chao. Sumu ya panya ndani ya nyumba yenye paka isiwepo kabisa. Na kuna jambo la usafi ambalo wengi hawalijui: zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikimwagwa kwenye maji mara nyingi zina kemikali iitwayo fenoli, na paka huziondoa mwilini kwa shida. Hukanyaga sakafu, kisha hulamba miguu. Piga deki kwa sabuni ya kawaida, na uache sakafu ikauke kabla hawajaingia.

Chakula. Paka mdogo anapoacha kunyonya, kimeng'enya cha kumeng'enya sukari ya maziwa hupungua tumboni mwake. Maziwa ya ng'ombe yatamharisha, na kuharisha kwa mnyama wa kilo moja ni upungufu wa maji ndani ya saa chache. Wa wiki 8 anayekula mwenyewe anahitaji maji safi tu. Muulize mwenye paka wanakula nini sasa, na chukua chakula hicho hicho kwa wiki ya kwanza hata kama si ulichokikusudia. Kuhama kunatosha kwa tumbo lao. Kubadili chakula kusubiri, na kukibadili kufanyike kidogo kidogo kwa siku saba hivi, cha zamani kikipungua na kipya kikiongezeka.

Nunua chakula kilichoandikwa kuwa ni kamili kwa watoto wa paka. Cha mbwa hakifai, hata cha bei kubwa, kwa sababu ya kirutubishi kiitwacho taurini. Mbwa wengi huitengeneza mwilini. Paka hutengeneza kidogo mno, lazima aile. Ikikosekana, macho huharibika na moyo hutanuka. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka wenye ugonjwa huo wa moyo walirejea katika nafuu walipopewa taurini, na watengenezaji wa vyakula vya paka wakaiongeza. Nyama tupu kila siku nayo haitoshi; haina kalsiamu ya kutosha kujenga mifupa. Wape milo minne kwa siku mpaka miezi minne, mitatu mpaka miezi sita, kisha miwili. Kila mmoja na sahani yake, zikiwa mbali kidogo, kwani mara nyingi mwenye nguvu humaliza chake akahamia kwa mwenzake, na wewe unaona sahani mbili tupu ukadhani wote wameshiba.

Ndiyo maana mizani ya jikoni ni kifaa ninachokipenda kuliko vichezeo vyote kwenye orodha yako. Mpime kila mmoja mara mbili kwa wiki, uandike. Katika umri huu ongezeko la gramu 100 kwa wiki ni la kawaida. Aliyesimama au aliyepungua ana tatizo, hata kama anarukaruka.

Choo hakina miujiza. Beseni la plastiki lenye ukingo mfupi upande mmoja, wa kimo ambacho mtoto wa paka anaupita bila kuruka, linatosha. Kanuni ya kawaida ni idadi ya paka kujumlisha moja, kwa hiyo nyumba ikishafunguliwa yote weka mabeseni matatu. Kwenye chumba kimoja mawili yanatosha. Mchanga wa paka usiwe na manukato, na mpaka wafike miezi mitatu au minne usiwe wa aina inayoganda ikilowa, maana watoto huonja kila kitu na mchanga huo hugandia tumboni. Omba konzi ya mchanga uliotumika kutoka walipozaliwa, uutie kwenye beseni jipya. Harufu itawaeleza kila kitu. Wabebe uwaweke humo wakiamka na wakimaliza kula. Akikosea, usimsukumizie pua kwenye uchafu. Hatajifunza choo, atajifunza kukuogopa. Osha mahali hapo vizuri, ila si kwa kitu chenye amonia, ambayo kwa pua ya paka inafanana na mkojo.

Hapo kwenye choo ndipo lilipo jibu la mama mkwe wako, na hakulitunga. Kuna kimelea kiitwacho toksoplasma, na mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza wakati wa ujauzito kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi, kisha hutoa mayai yake kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu, kwa kawaida mara moja tu maishani. Watoto wa paka ndio hukitoa zaidi kuliko wakubwa, kwa hiyo sitakuambia kwamba hatari haipo. Lakini mayai hayo hayaambukizi yakitoka. Yanahitaji siku moja hadi tano nje ya mwili ndipo yaweze kuambukiza. Kinyesi kikiondolewa kila siku, mnyororo umekatika. Hatari iko kwenye beseni lililoachwa siku mbili tatu; haiko kwenye kumshika paka wala kulala naye chumba kimoja.

Basi kazi ya choo cha paka ni ya shemeji, kila siku bila kuruka, mpaka ujifungue. Siku akisafiri, vaa glavu na unawe kwa sabuni. Paka wasipewe nyama mbichi na wasitoke kuwinda. Na usisahau kwamba watu wengi huambukizwa kimelea hicho kwa nyama isiyoiva vizuri, mboga zisizooshwa na udongo wa bustani. Mjamzito anayemfukuza paka huku akila nyama yenye damu hajajikinga. Mwambie mkunga au daktari wa kliniki yako kwamba unapokea paka. Kipo kipimo cha damu kinachoonyesha kama uliwahi kuambukizwa zamani, na yeye ndiye wa kuamua kama unakihitaji.

Kwa mwanao wa miaka mitano, ugonjwa unaotokea kwa urahisi zaidi ni mapunye, fangasi wa ngozi ambao watoto wa paka huwabeba bila hata kuonekana wagonjwa. Ukiona paka ana sehemu isiyo na manyoya, au mtoto ametokwa na duara jekundu linalowasha, watibiwe wote. Zaidi ya hapo, mtoto anahitaji sheria chache zisizobadilika. Akae chini ndipo amshike paka, asimbebe akiwa amesimama, kwani wakiangushwa huvunjika. Mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio. Paka anayelala, anayekula au aliye kwenye beseni haguswi. Akitaka kuondoka, aachwe aondoke. Na vidole si vichezeo, kwa mtoto wala kwa baba yake. Kung'atwa na jino la wiki 8 kunachekesha, lakini ndiye huyo huyo atakayekuwa na kilo nne mwakani akiamini mkono ni windo.

Nguzo ya kukwarulia kucha iwepo tangu mwanzo, imara na ndefu kiasi cha paka mzima kujinyoosha, karibu na wanapolala kwa sababu hujinyoosha wakiamka. Kochi litapona kwa sehemu. Nasema kwa sehemu.

Siku ya kuwachukua, nenda asubuhi ili wawe na mchana mzima wa kuzoea kabla ya giza. Omba kitambaa walichokuwa wakilalia na mama yao, ukitandike kwenye kasha, na usikifue kwa siku kadhaa. Ukifika, weka kasha chumbani, lifungue, kaa chini mbali kidogo, kisha nyamaza. Usiwatoe kwa mkono. Wageni wa kuja kuwaona wasubiri wiki. Usiku wa kwanza huenda wakalia. Ukiwa na hakika wamekula, wana joto na wako wawili, waache. Mchana watalala mno, saa 18 hadi 20 kwa siku, na huo si ugonjwa.

Daktari awaone ndani ya siku chache za mwanzo. Chanjo ya kwanza huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16, na huwakinga dhidi ya virusi vya mafua ya paka na panlukopenia, ugonjwa wa kutapika na kuharisha unaoua watoto wa paka haraka sana. Ya kichaa cha mbwa hufuata kwenye wiki ya 12 au zaidi. Marudio si mapambo: kinga waliyoipata kwa mama hupunguza nguvu ya sindano za mwanzo, na ya mwisho mara nyingi ndiyo inayoshika. Virusi vya panlukopenia vinaweza kukaa ndani ya nyumba mwaka mzima, kwa hiyo kama aliyekaa hapo kabla yenu alifiwa na paka mdogo, niambie kabla hamjawaleta. Dawa ya minyoo ni ya lazima, maana minyoo hupita kwenye maziwa ya mama. Muulize mwenye nao ni lini walipewa mara ya mwisho. Viroboto nao si kero tu kwa umri huu. Wakiwa wengi hunyonya damu mpaka fizi za paka zikageuka nyeupe.

Asiyesubiri hadi kesho ni huyu: aliyekataa milo miwili mfululizo, anayetapika zaidi ya mara moja, anayeharisha huku amelegea, anayehema mdomo wazi, au aliye baridi ukimshika.

Na leo, ukimpigia mwenye paka, muulize kama ni jike na dume. Katika umri huu watu wengi hukosea, kwa hiyo hata akikujibu, tutahakikisha wakija. Jike anaweza kushika joto, yaani kuwa tayari kupandwa, akiwa na miezi minne, undugu haumzuii dume, na mimba ya paka huchukua siku 63 hadi 65 tu. Mtoto wako atakuwa amezaliwa juzijuzi, na sidhani utataka watoto wengine wanne wa paka wiki hizo hizo. Dume ahasiwe na jike afungwe kizazi kabla hawajatimiza miezi mitano. Panga tarehe hiyo siku ile ile mtakapokuja kwa chanjo ya mwisho.